Nakshi Kwanza, Cherehani Baadaye



Barua iliyoifikia safu hii kutoka Sakina, Arusha, ni fupi lakini nzito. Dada aliyeiandika ana watoto wanne. Mumewe alikuwa dereva wa magari ya watalii, na mkataba wake umekwisha bila ya kuhuishwa. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi amekuwa akichora hina kwa maharusi, na kila amwonaye akichora humwambia kwamba mkono wake una baraka. Sasa amekusudia kuihamisha michoro ile kutoka viganjani kuipeleka kwenye vitambaa: mitandio, madira, vitambaa vya meza na foronya za mito ya sebuleni. Anauliza mambo mawili. Je, auze bangili zake za mahari anunue cherehani ya umeme na majora kumi ya kitambaa? Na je, ni kweli, kama wasemavyo mashemeji zake, kwamba chumo la mke ni la nyumba, hivyo biashara iandikwe kwa jina la mume?

Tuanze na la pili kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Mali aliyoichuma mke kwa njia ya halali ni yake, na mahari ni yake vilevile. Suratun-Nisaa imeyagusa yote mawili, mahari katika aya ya 4 na chumo katika aya ya 32. Kuilisha nyumba ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama mke ni tajiri. Mke akitoa chake katika kipindi kigumu kama hiki, hiyo ni hisani ambayo malipo yake yako kwa Mola wake, wala haigeuki kuwa haki ya mashemeji. Jina la biashara na liandikwe la mwenye kuifanya. Mume akishiriki, naye aandikiwe fungu lake waziwazi: anafanya kazi gani, na atapata ujira wa mwezi au sehemu ya faida. Mtu aliyewahi kuwasafirisha watalii anazijua hoteli, maduka na waongozaji wa misafara, na ujuzi huo una thamani yake. Kuna wanaoona haya kuandikiana baina ya mume na mke. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Sijui haya hiyo tumeitoa wapi.

Swali la kwanza ndilo linalotaka nafasi. Jibu langu ni hapana, bangili zisiuzwe, angalau kwa mwaka huu. Cherehani hushona tu, haibuni nakshi. Majora kumi yaliyolala kabatini ni dhahabu iliyogeuzwa kuwa pamba, na pamba haitunzi thamani kama dhahabu: hupauka, huguguniwa na panya, hupitwa na wakati. Tena mafundi wa kushona wamejaa kila mtaa, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, na wengi wao hukaa sehemu ya siku wakingoja kazi. Kumlipa mmoja wao ashone pindo za mitandio ishirini ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kununua mashine, kuilipia umeme na kuitafutia vipuri. Kitu ambacho fundi yule hana, na ambacho dada yetu anacho, ni mchoro. Huo ndio bidhaa yake, na mtaji wa mwanzo unapaswa kwenda huko.

Historia ya kanga yatufundisha jambo hilo kuliko somo lolote la darasani. Husimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za kuchapwa, ambazo jina lake lina asili ya Kireno. Leso zile ziliuzwa zikiwa zimeungana katika jora na kukatwa moja moja. Wanawake wale hawakutaka moja moja. Walinunua sita kwa pamoja, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunganisha kwa mshono na kupata shuka moja pana yenye nakshi wanayoitaka wao. Wenye maduka walipoona hivyo waliagiza nguo nzima ichapwe kwa mfano ule. Kisha akaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake ziliandikwa K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa sana kuwa aliyezipa kanga semi zake. Viwanda vilivyochapa kanga wakati huo vilikuwa mbali, India na Ulaya, na baadaye Japani. Mtambo haukuwa wake. Chake kilikuwa kujua pindo gani na mji gani utapendwa, maneno gani yatasomwa, na kuweka alama ambayo mnunuzi aliitafuta kwa macho kabla ya kufungua mkoba.

Arusha nayo si ngeni kwa nguo. Kiwanda cha Sunflag kipo tangu miaka ya 1960, A to Z ya Kisongo inajulikana kwa vyandarua vyake, na Kiltex imebaki jina katika midomo ya wazee. Ukiingia Soko Kuu au Kilombero utakuta vitenge vya kila rangi, vingi vimetoka nje, kwa bei ambayo mtu mmoja mwenye beseni uani hataifikia abadani. Ukienda soko la sanaa za watalii, lile ambalo wengi hulijua kama soko la Wamasai, utakuta kibanda baada ya kibanda kina twiga yuleyule, mbuyu uleule, jua lilelile linalozama. Mtalii akishapita vibanda vitatu huanza kuuliza bei peke yake, maana hana tena cha kuchagua. Anayeanza leo kwa kuiga vibanda hivyo amechagua kushindana kwa bei na watu waliomtangulia kwa miaka ishirini.

Basi mchoro wa hina utageukaje kuwa nakshi ya kitambaa? Hapa pana kazi, nayo haihitaji fedha ila karatasi na subira. Mchoro wa kiganja una mwanzo na mwisho, kitambaa hakina. Nakshi ya kitambaa inapaswa kurudiwa juu, chini, kushoto na kulia bila ya jicho kuona ilipoungwa. Ipo njia ya zamani ambayo wachoraji wa vitambaa wameitumia kabla ya kompyuta. Chukua karatasi ya mraba, chora ua lako katikati bila ya kugusa kingo. Ikate karatasi wima katikati, kisha ubadilishe vipande: cha kushoto kiende kulia na cha kulia kiende kushoto, uvigandishe kwa gundi ya karatasi. Halafu ikate kwa mlalo, nusu ya juu iende chini na ya chini iende juu. Sasa ua lako limehamia pembeni na katikati pamebaki patupu. Jaza patupu hapo kwa majani na vikonyo vinavyoshikana na vilivyokwisha kuchorwa. Mraba huo, ukipangwa safu kwa safu, utajirudia pasipo kuonyesha mshono. Piga nakala kumi na mbili dukani, zipange sakafuni, simama juu ya kiti uzitazame. Kama jicho linakimbilia doa moja kila mara, mchoro bado haujakaa sawa.

Fanya hivyo mara ishirini, wala usichoke. Katika ishirini, mitatu itakuwa mizuri. Na uichukue mifano ya mahali ulipo. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unaonekana kutoka karibu kila ua wa Arusha, na mabega yake yana umbo ambalo halifanani na Kilimanjaro. Majani ya mgomba na matawi ya mbuni yenye punje zilizoshikamana, ambayo kila aliyepita Tengeru au Poli ameyaona, hayajachoshwa na wachoraji kama twiga alivyochoshwa. Ukitaka kurudi pwani, tazama ukili wa mikeka, milango ya kuchongwa ya Unguja, na kofia za vito, ambazo wanawake wa visiwani wamezidarizi majumbani kwao vizazi kwa vizazi. Wanawake wale walikuwa wabunifu wa nguo kabla ya mtu yeyote kuwapa cheo hicho.

Kuhusu picha za watu na wanyama, wanazuoni wamelijadili suala hilo kwa mapana na kila msomaji ana sheikh wake wa kumwuliza. Mimi nitasema la kibiashara tu: nakshi ya majani, maua na jometri huingia msikitini, sebuleni, harusini na ofisini bila ya kumkwaza mtu. Na mlima hauna roho.

Namna ya kuitia nakshi hiyo kwenye nguo ni nyingi, na wengi mjini hukimbilia batiki ya nta kwa kuwa ndiyo inayofundishwa. Batiki ni kazi nzuri, ila inataka moto, nta iliyoyeyuka, kostiki na haidrosi, na nyumba yenye watoto wanne si mahali pa kuyajaribia hayo kwa mara ya kwanza. Kwa mtu aliyezoea kubana koni ya hina, ipo njia iliyo karibu zaidi na mkono wake. Wanawake wa Kiyoruba wa Abeokuta, Nigeria, wanaotengeneza nguo iitwayo adire, kwa muda mrefu wametumia uji mzito wa muhogo badala ya nta. Uji huchorwa juu ya kitambaa cheupe cha pamba, ukaachwa ukauke kabisa, kisha nguo ikachovywa katika rangi ya maji ya baridi. Palipo na uji rangi haipenyi. Nguo ikikauka uji hukwanguliwa, na mchoro ukabaki mweupe. Maji ya moto hayafai, kwa kuwa huyeyusha wanga. Mkono wa mchora hina utauelewa uji huo kwa siku moja, na hasara ya jaribio lililoharibika ni bakuli la unga.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu, bafta au marekani. Vile vilivyochanganywa na nyuzi za plastiki haviipokei rangi ya pamba, ingawa dukani vinang'aa zaidi. Choma uzi mmoja kwa kiberiti, wa pamba utatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, wa plastiki utajikunja na kuacha kidonge kigumu. Kabla ya kuchora kifue kwa maji ya moto na sabuni, maana vitambaa vipya vina wanga wa kiwandani unaozuia rangi. Vyombo vya rangi visirudi jikoni kamwe, hata vikisuguliwa vipi. Na atakayefika hatua ya nta ayeyushe sufuria ndani ya sufuria yenye maji, nje ya nyumba, mfuniko ukiwa karibu: nta ikishika moto hufunikwa, haimwagiwi maji. Maji ya rangi yaliyotumika yasimwagwe kwenye Themi wala Naura. Mboga zinazomwagiliwa kando ya mito hiyo ndizo tunazozila usiku.

Sasa tufike penye kuumiza, napo ni bei. Nimewaona akina mama wengi, hodari wa mikono, wakifanya kazi mwaka mzima na mwishoni wasijue fedha imekwenda wapi. Tuchukulie mfano, tarakimu ni za kukadiria na kila mtu aweke zake. Kitambaa cha mtandio mmoja shilingi 8,000, rangi 3,000, unga, mkaa na maji 2,000, fundi wa pindo 2,000, nauli 1,000. Jumla 16,000. Mama anauza kwa 20,000 na kusema nimepata 4,000. Hakupata. Katika kila mitandio kumi, mmoja utaharibika: rangi itapenya, au uji utapasuka. Kwa hiyo ametumia 160,000 na ameuza tisa kwa 180,000. Faida ni 20,000 kwa mitandio yote kumi. Ikiwa kila mmoja umemchukua saa tatu za kuchora, kuchovya na kukwangua, amefanya kazi saa 30, naye amelipwa takriban shilingi 667 kwa saa. Angeuza 28,000, angebaki na 92,000, yaani zaidi kidogo ya 3,000 kwa saa. Tofauti ya 8,000 katika bei imeuzidisha ujira wake zaidi ya mara nne.

Je, kuna atakayelipa 28,000 huku mtandio wa dukani ukiwa chini ya hapo? Kwa nakshi iliyoko kila duka, hapana. Kwa nakshi ambayo hakuna mwingine anayo, wapo. Na kazi ya miezi mitatu ya kwanza ni kuwatafuta hao hata kama ni kumi tu. Kama hawapatikani, ni heri kulijua hilo ukiwa umetumia laki moja na bangili zingali mkononi.

Hesabu hiyo pia ndiyo ya kuipima mali kauli. Duka la karibu na hoteli litakukubalia uweke mitandio yako, ulipwe ikiuzwa, nalo likate asilimia 30. Kwa bei ya 28,000 utapokea 19,600. Mitandio tisa itakupa 176,400, na ukitoa gharama unabaki na 16,400. Saa 30 zimekwenda kwa chini ya shilingi 550 kila moja. Anayetaka kuuza madukani basi aipange bei yake tangu mwanzo akijua kuna mtu wa kati, na bei hiyo iwe moja kila mahali. Mwenye duka akigundua unauza nyumbani kwa bei ya chini kuliko aliyoibandika yeye, atakurudishia mzigo wako, na atakuwa na haki. Aidha, kila unachokiacha kwa mali kauli kiandikwe: idadi, bei, tarehe ya kuhesabiana, na ni nani anabeba hasara kikichafuka au kikiibwa.

Kwa maoni yangu soko bora la kuanzia ni la oda. Arusha ina mikutano, tangu kituo cha AICC kilipofunguliwa mwaka 1978 hadi leo ambapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapo hapo mjini. Kila mkutano hugawa mikoba, na mikoba mingi ni ya plastiki isiyo na sura. Zipo harusi, na harusi zetu zina sare: familia moja itataka doti kumi na tano za nakshi moja, rangi mbili. Katika oda, mteja hulipa sehemu ya fedha mwanzoni, kitambaa kinanunuliwa kwa fedha yake, na hapo hakuna jora la kulala kabatini. Fiqhi inaijua kazi ya namna hii kwa jina la istisnaa, kumwagiza fundi akutengenezee kitu, na masharti yake ni ya busara kwa kila dini: kitu kielezwe kwa aina, kipimo na rangi, bei ijulikane, na siku ya kukabidhi isemwe. Mpe mteja kipande cha mfano cha ukubwa wa kiganja na ubaki na pacha wake, mkiwa mmetia saini nyuma ya vyote viwili. Kitaamua ugomvi mwingi kuhusu "si rangi niliyoitaka".

Na rangi ikiwa inachuja kidogo katika mfuo wa kwanza, sema. Osha kipande cha mfano mara tano kabla ya kuanza kuuza, na ulichokiona mweleze mnunuzi. Kuficha kasoro ya bidhaa ni haramu tunayoijua sote, lakini pia mji huu ni mdogo. Shungi lililomchafua bibi harusi litasimuliwa hadi Usa River kabla ya jua kuzama.

Kila tunapozungumza juu ya mwanamke na biashara tunamtaja Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, na ndivyo inavyostahiki. Yeye alikuwa na mtaji mkubwa na watu wa kumfanyia safari. Kwa mwenye beseni na koni ya uji, mfano ulio karibu zaidi ni wa mama wa waumini Bi Zaynab bint Jahsh, aliyekuwa fundi wa mikono yake mwenyewe, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka.

Mtaji utakapohitajika kweli, yaani oda zimezidi mikono miwili, zipo njia zisizo na riba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mlango wake ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kila mmoja aende kwake: wa Kaloleni wako Jiji la Arusha, wa Ngaramtoni wako Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na wa Usa River au Tengeru wako Meru. Uzito wake ni kwamba ni mkopo wa kikundi. Ukiingia na watu usiowajua nyumbani kwao, deni lao litakuwa lako. Kwa mtu binafsi, ipo Amana, benki iliyoanza mwaka 2011 na kuendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na CRDB ina huduma yake ya Al Barakah. Huko, anayetaka mashine hakopeshwi fedha. Benki hununua mashine na kumwuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, alipe kidogo kidogo. Ulizia bei yote ya mwisho kabla ya kutia saini, uilinganishe na ya dukani. Neno la Kiarabu kwenye karatasi halikuondolei wajibu wa kupiga hesabu. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Arusha na linafaa zaidi kwa mafunzo na ushauri. Nendeni mkiwa na sampuli mkononi, si maneno matupu.

Limebaki la wizi wa nakshi, ambalo watu huliogopa mno au hawaliogopi kabisa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Fikiria: vazi ambalo babu zetu wamelifunga tangu hatujazaliwa, na jina lake limilikiwe na duka la Ulaya. Wafanyabiashara wa Kenya walisimama kupinga, wakasaidiwa na watetezi wa biashara ya haki, na ombi lile likaanguka. Somo lake kwa mwenye biashara ndogo ni kuwa na ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mchoro wako unalindwa tangu ulipouchora, ilimradi uweze kuonyesha kuwa ni wako. Weka daftari la michoro, kila mmoja na tarehe yake, pamoja na zile karatasi zilizokatwa na kuungwa. COSOTA ndiyo ofisi ya kuiandikisha. Jina la biashara na alama vinasajiliwa BRELA, kwa njia ya mtandao, na namba ya NIDA iwe tayari. Namba ya mlipa kodi inatoka TRA, na leseni inatoka halmashauri. Hata hivyo jirani atakuiga tu, sheria ipo au haipo. Kinga ya kila siku ni ile ya Abdulla wa Mombasa: alama yako ndogo kwenye pindo la kila kipande, na nakshi mpya kabla ile ya zamani haijachosha.

Kuhusu wakati wa kuanza, misimu ya Arusha ina amri yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo hazikauki na watalii ni wachache. Ni miezi ya kuchora na kukata karatasi. Juni hadi Agosti baridi ya mlima huchelewesha ukaukaji, na uji wa muhogo utahitaji siku mbili pale ambapo Januari ungehitaji moja, lakini ndiyo miezi ambayo watalii huanza kujaa. Harusi hujazana Rajabu na Shaabani, hutulia Ramadhani, na kurudi kwa kishindo Mfunguo Mosi. Anayetaka oda za sare za Mfunguo Mosi awe amepeleka vipande vya mfano kwa mafundi na wapambaji maharusi kabla ya Ramadhani kuandama, kwa sababu katika kumi la mwisho hakuna anayefungua mkoba kutazama kitambaa, kila mtu yuko mbioni na nguo za Iddi za watoto.

Wiki ijayo, inshaallah, tutayajibu maswali yaliyotufikia kuhusu vikoba na riba. Wassalaam.